Kopo Tuliloliita Bima

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao kwenye kona, kati ya duka la vifaa vya umeme na mtaro ambao haujawahi kuzibwa. Mguu wake mmoja nimeupigilia mwenyewe misumari ya viatu, maana mimi ni fundi viatu, wananiita Msumari, na kabla ya kikombe cha kwanza usinisemeshe. Mwenzangu wa kulia ni Redio, mwalimu mstaafu, analala na redio sikioni halafu asubuhi anatumwagia yote aliyoyasikia, ayaelewe asiyaelewe. Wa pili ni Mkaguzi, aliyekuwa akisoma mita za maji nyumba hadi nyumba. Mama Kahawa yuko kwenye kigoda chake na birika lake. Yeye ndiye mwenye akili hapa, ila hatujawahi kumwambia. Nafasi ya ukutani ni ya Fundi Saa, na wiki ya tatu sasa hakuna anayeikalia.

Chini ya benchi kuna kopo la maziwa ya unga. Tunaliita Bima. Sheria yake nyepesi: umeandikiwa dawa, umepata nafuu, zilizobaki leta kijiweni, mwenzako akiugua azikute. Anayemaliza dozi yote peke yake tunamwita mchoyo. Fundi Saa ndiye aliyekuwa mtunzaji, alizipanga kwa rangi kwa kile kikoleo chake cha kushikia vipuri vya saa. Tulijiona watu wema sana.

Asubuhi hiyo Mkaguzi alikuja anakohoa.

Mkaguzi: Msumari, nisogezee Bima. Kifua kimenibana tangu juzi.

Mimi: Una mikono miwili. Inama.

Akainama, akachomoa vidonge viwili vya rangi mbili, akavifumbata akingoja kahawa ipoe.

Mama Kahawa: Dawa unaishushia kahawa? Mzee mzima!

Mkaguzi: Haba na haba hujaza kibaba. Viwili leo, viwili keshokutwa, kifua kitajaa chenyewe.

Mama Kahawa: Kitajaa nini?

Mkaguzi: Uzima!

Redio hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, kwa sababu Redio hucheka hata matangazo ya vifo.

Redio: Jana nilikwenda kumwona Fundi Saa.

Mimi: Wamemwongezea ile dripu ya kansa?

Redio: Wameisimamisha. Daktari alinieleza pale korido. Ile dripu inaupiga uvimbe, lakini inawapiga na askari wa mwili. Sasa vijidudu vimekuta lango halina mlinzi, vimeingia kwenye damu. Wamempa dawa ya kwanza, homa iko palepale. Ya pili, palepale. Ya tatu wameanza juzi. Mpaka homa ishuke ndipo dripu iendelee, na uvimbe haungoji mtu.

Mkaguzi: Dawa tatu! Basi dawa hizo zimechakachuliwa.

Redio: Dawa nzima kabisa. Vijidudu ndivyo vimezizoea. Wanauita usugu. Kijidudu kimoja kikiponea chupuchupu, kinazaa wenzake wasiotishika. Tena nilisikia juzi kwenye kipindi cha sayansi, hata vya ukoo mwingine vinapeana ile siri ya kuponea.

Mkaguzi: Vinapeana siri? Vinakutana wapi?

Redio: Humo humo mwilini.

Mkaguzi: Loh! Basi na vyenyewe vina kijiwe! Nakuapia, vimekaa kwenye benchi ndani ya Fundi Saa, kimoja kinasema, "Jamani, ile nyekundu ikija, pumueni hivi."

Mama Kahawa: Na kahawa anawauzia nani?

Mkaguzi: Hiyo kansa! Ndiyo mwenye nyumba.

Redio: Usicheke, hapo hujakosea sana. Watafiti wamekuta vijidudu vinaishi mpaka ndani ya uvimbe wa saratani. Na vingine wanasema vinaivunja dawa ya saratani kabla haijafanya kazi.

Mkaguzi: Si nimesema? Mpangaji na mwenye nyumba lao moja. Lakini hiyo kansa yenyewe ilitoka wapi? Nani alimtupia?

Redio: Hakutupiwa. Ni chembe ya mwili wake mwenyewe, imekataa kufa siku zake zilipofika. Inazaa tu.

Mkaguzi: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuna mtu kaiunda.

Mimi: Mithali hiyo haina kazi hapo. Kaa nayo.

Redio: Sasa kuna tiba mpya. Wanachukua askari kutoka kwenye damu ya mgonjwa, wanawafundisha maabara kumtambua adui, wanawarudisha. Kwa saratani kadhaa za damu imeleta watu kutoka kaburini.

Mkaguzi: Kwa nini wahangaike kufundisha? Wachukue wa kwangu! Miaka sitini na nne napigana na malaria, askari wangu ni makamanda wastaafu. Twende sote tukatoe, kijiwe kizima, tumjazie. Penye wengi hapaharibiki neno.

Redio: Askari wako wakiingia kwake wanaweza kumpiga yeye.

Mkaguzi: Nitawaagiza wasimpige!

Mama Kahawa alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Nilimwona na sikumuuliza, kwa sababu na mimi nilikuwa nagonga msumari kwenye soli isiyohitaji msumari.

Redio: Kwa homa nako kuna jipya linajaribiwa, ingawa si jipya hasa. Kuna virusi vidogo, chakula chake ni bakteria tu, binadamu havimgusi. Na wanavitafuta wapi? Kwenye maji machafu. Mitaroni.

Mkaguzi akageuka polepole akautazama mtaro wetu, na ule ukijani wake unaotokota bubujiko moja moja.

Mkaguzi: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Redio, dawa tumeikalia miaka yote hii! Mama Kahawa, nipe kikombe.

Mama Kahawa: Cha nini?

Mkaguzi: Nimchotee. Tutachuja kwa kitambaa, mara mbili.

Mama Kahawa: Koma! Kikombe changu hakiingii humo, na wewe Fundi Saa humgusi!

Mkaguzi: Sasa tukae tu? Mwenzetu anakufa tukae tu?

Sauti ilimkatika katikati. Akakohoa ili aifiche, na sisi tukajifanya ni kikohozi.

Mama Kahawa: Mnataka kujua kijiwe cha vijidudu kilipata wapi mafunzo? Inama, Mkaguzi. Kipo chini ya makalio yenu. Viwili leo, viwili keshokutwa. Hamkuviua, mlivizindua. Bima yenu ndiyo shule yao.

Mimi: We mama, kama ulikuwa unajua hayo ulinyamaza kwa nini?

Mama Kahawa: Nilijua lini? Nimeyajua sasa hivi, hapa, kwa mdomo wa Redio. Na mimi nilileta zangu humo, zile za jino. Najisema na mimi.

Nilimkasirikia, na nilimkasirikia kwa sababu ni kweli. Ule uvimbe wa shingoni tuliuona sote. Mwaka jana ulikuwa kama punje ya harage chini ya taya, Fundi Saa akaniuliza, "Msumari, hiki nini?" Nikamwambia hiyo tezi tu, meza viwili. Nilimchagulia kwa mkono wangu. Harage likawa kokwa, nikamchagulia vingine, vya rangi nyingine, nikamwambia hivi vikali zaidi. Miezi tisa. Miezi tisa nilikuwa daktari wa rafiki yangu, mimi niliyesomea kushona kandambili. Na kila akitaka kumeza zaidi ya viwili, nilimwambia asiwe mchoyo.

Mimi huwa namtambua mtu kwa viatu kabla ya uso. Viatu vilivyosimama mbele yetu vilikuwa vya kike, vumbi la safari mpaka kwenye kifundo, na kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Kisigino kilicholika vilevile nimekiziba kwenye viatu vya Fundi Saa miaka kumi na nane. Sikuwa na haja ya kuinua kichwa.

Binti: Shikamooni, wazee wangu.

Sote: Marahaba, mwanetu.

Binti: Mimi binti wa Fundi Saa. Nimeingia jana jioni. Baba anawasalimu.

Redio: Homa?

Binti: Haijashuka. Ile ya tatu nayo imegoma. Daktari anasema imebaki moja au mbili, na hataki kubahatisha. Ameniuliza kitu kimoja nikashindwa. Nikamuuliza baba, akasema nenda kijiweni, wale ndugu zangu wanajua.

Mkaguzi: Sema tu, mwanangu. Tuko hapa.

Binti: Kabla hajafika hospitali, alikuwa akimeza dawa gani? Na siku ngapi?

Sisi tuliokuwa tunapanga majeshi muda si mrefu uliopita, tulitazama vikombe. Redio akaizima redio yake iliyokuwa ikinong'ona mfukoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mkaguzi: Zilikuwa... nyekundu. Nyekundu na njano.

Binti: Zinaitwaje?

Mkaguzi: Na nyeupe. Nyeupe zile kubwa.

Nikalitoa kopo. Nikatandika kipande cha ngozi, nikalimimina lote mbele yake. Vidonge vilikuwa vingi, vimekatwakatwa kutoka kwenye karatasi zake, majina yamebaki makwao. Vingine vilikuwa vya watu waliohama, kimoja cha jirani tuliyemzika. Vimepangwa vizuri kwa rangi, kazi ya mkono wa baba yake. Binti alipiga magoti, akavigeuza kimoja kimoja akitafuta jina.

Binti: Ni vidonge vipi humu?

Akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Nilitaka kumwambia, "Nilimpa mimi, mwanangu, nisamehe," nikaishia kumsogezea kifuniko.

Alivirudisha vyote koponi, hakuvihesabu, alivikusanya tu, akafunga kifuniko. Akasema asanteni, wazee wangu. Alitushukuru! Kisha akaondoka na Bima yetu kwapani, anakanyagia nje kwa mguu wa kushoto.

Mama Kahawa akainamisha birika juu ya kikombe changu. Yakatoka masimbi matupu ya kahawa.

Mkaguzi akafumbua kiganja. Vile viwili vya asubuhi vilikuwa bado mkononi, vimelainika kwa jasho, vimemwachia wekundu kwenye mistari ya kiganja. Alivitazama, akautazama mtaro, akaitazama nafasi ya ukutani. Halafu akainuka, na kifua chake kile, akakimbia.

Mkaguzi: Binti! Mwanangu, ngoja! Na hivi viwili! Mpelekee daktari na hivi!

Tulimsikia akikohoa mpaka kwenye kona ya pili.