Kache Jairus Buya, Mwalimu wa Urubani wa Ngao

Kache alizaliwa hapa Ngao tarehe 14 Machi 1998, maji ya mafuriko yakiwa bado mashambani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Jairus Buya na mama Priscilla Dzombo. Jina alipewa la bibi mzaa mama. Bibi mzaa baba naye alimpa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Akiwa na miaka saba alisimama nyuma ya mtumbwi kuvusha mpunga, na bibi akaketi mbele, amempa mgongo, hageuki hata mtumbwi ukiyumba. Kache alikuwa akisema bibi angegeuka mara moja tu, yeye angeogopa maji maisha yake yote.

Shule ya msingi alisoma hapa nyumbani, na kidato cha nne akamaliza Garsen mwaka 2016. Hesabu na fizikia zilimpatia ufadhili wa kwenda Nairobi kusomea urubani. Watu hawakuamini sana. Akija likizo vijana walimwita Rubani wa Tope, naye anaitika. Leseni aliipata mwaka 2022, akabaki pale pale chuoni akifuta vioo vya ndege na kujaza mafuta, huku akisomea kufundisha. Tarehe 23 Agosti 2024 akawa mwalimu kamili wa urubani.

Kazi ndiyo ikawa shida. Hapa nchini hakupata nafasi, kwa hiyo akaomba nje. Wengi hawakujibu. Waliojibu walitaka mtu aliyekwisha kufundisha saa nyingi, na saa hizo hazipatikani bila kazi. Oktoba akarudi nyumbani, akawa analima na mama, simu imefungwa kwenye pindo la leso. Rafiki yake wa chuoni, Abdia Duba wa Garsen, alikuwa akitafuta vilevile. Walitumiana kila tangazo, hata lile lenye nafasi moja tu.

Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, chuo kimoja cha Botswana kilimwita kwa mahojiano ya video. Ngao mtandao ulikuwa unakatika, akaenda Garsen, dukani kwa Ubeid, mtu wa Kipini. Ubeid alizima redio, akasimama mlangoni. Mzee mmoja aliyetaka sukari aliambiwa angoje, kuna mtu anaruka humo ndani. Kache aliulizwa angemfundishaje mwanafunzi mwoga, akawaeleza habari za bibi na mtumbwi. Alipotoka, Ubeid akamwuliza, "Haya mwanangu, wamekutwaa?"

"Wamecheka, Ami. Sijui kama ni kwa uzuri."

Wiki mbili baadaye wakamtwaa. Angeanza tarehe mosi Aprili, akishapata cheti kipya cha afya cha marubani.

Kache hakuwahi kuolewa. Alichumbiwa na mwalimu Isaac Komora, na wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kuelewana. Harusi ilipangwa Desemba, katika likizo yake ya kwanza.

Kichwa kilianza kumuuma Novemba mwaka jana, kabla hata ya kuitwa Botswana. Alijifunga kitambaa, akasema ni jua. Februari mkono wa kushoto ukaanza kuachia vitu. Akawa anafunga vifungo vya blauzi kwa mkono mmoja, na akiona anatazamwa, anaanza kuimba. Hospitali iko karibu na nyumbani lakini hakuingia. Alisema likishaandikwa halifutiki, na rubani wa kichwa kibovu hapewi cheti. Bila cheti hakuna Botswana. Jioni moja mama alimshika ule mkono, akamwomba anyamaze tu mpaka afike, kwani huko nako kuna madaktari. Mama amesema hili lisomwe, lisifichwe.

Tarehe 11 Machi alikwenda Nairobi kwa daktari wa marubani. Kwenye fomu kulikuwa na swali kama amewahi kuumwa kichwa mara kwa mara, kuzirai au kuishiwa nguvu mkononi. Isaac, aliyemsindikiza, anasema alikaa na kalamu mpaka watu wawili waliokuja nyuma yake wakaingia na kutoka. Kisha akaandika ndiyo. Akapelekwa kupigwa picha za kichwa, ukaonekana uvimbe kwenye ubongo.

Aliporudi, mama alikuwa anapepeta mchele uani.

"Wamekupa?"

"Sikupewa, mama. Nimewaambia."

"Kwa nini, Kache? Si tulikubaliana?"

"Yule mwanafunzi wa kwanza naye ana mama. Mkono ukiniachia huko juu, mama yake atajibiwa nini?"

 Mama aliumwaga mchele kwenye sufuria, akaendelea kupepeta ungo mtupu.

Kabla ya kulazwa, Kache alimsomea Isaac barua ya kupeleka Botswana. Aliwaomba radhi, akawaeleza ukweli, akawaambia yuko mwingine kwao Tana, anaitwa Abdia. Alipasuliwa Aprili. Madaktari walisema uvimbe ungeonekana mapema, pengine ingekuwa vingine. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, katika hospitali moja mjini Malindi, mama akimpaka mafuta miguuni. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Ameacha baba na mama, wadogo zake watatu, bibi mzaa baba, mchumba wake Isaac, na jamaa wengi wa Ngao, Kau na Garsen.

Abdia hayupo nasi. Yuko Botswana tangu Mei, katika chuo kile kile, na alikuwa ameshaomba ruhusa ya kuja. Kache mwenyewe alimkataza kwa simu, wiki moja kabla ya kufariki. Alisema polepole, maana ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito: "Usije kunizika. Ukiondoka mapema hivi watasema watu wa Tana hawakai kazini. Wewe fundisha."

Leo alfajiri Abdia ametuma ujumbe kwa mama. Ana mwanafunzi saa nne, kwa saa za huku kwetu.

Saa nne ndiyo hii tunayomlaza Kache wetu. Mungu ampokee, ampe usingizi usio na maumivu.