Papa Édouard Murhula, Aliyeipima Dunia Kutoka Hallonbergen

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu anajua mzunguko wa dunia ni kilomita ngapi, na hakuambiwa na simu yake, bali alipima mwenyewe kwa fimbo? Watoto wa darasa la Jumamosi, shusheni mikono, ninyi tunajua mnajua, na habari ya chumba chenu nitaifikia.

Marehemu Papa Édouard Murhula alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Mei 1953, mtoto wa tatu wa seremala, akasoma sekondari, humanités, section gréco-latine, yaani mkondo wa Kigiriki na Kilatini, ambako alikutana na Wagiriki na hawakuachana tena, kisha akamaliza ualimu wa hesabu mwaka 1977. Alifundisha Uvira miaka kumi na tisa, na hakutaja théorème hata moja bila kumtaja aliyeigundua, mji wake, na jua la huko. Tarehe 11 Agosti 1990 alifunga ndoa na Mama Perpétue, baada ya kwenda kumposa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza aliongea juu ya Archimède saa nzima akasahau kutaja ndoa, et voilà, wakajaliwa mimi, Asifiwe, na mdogo wangu Shalom.

Mwaka 1996 vita vilitufukuza, tukavuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na kule, bila ubao wala chaki, alichora pembetatu kwenye vumbi, akisema hata Wagiriki walichora mchangani. Tulifika Uswidi tarehe 18 Novemba 2004, diplôme yake ikachunguzwa na watu ambao, jag lovar, naapa, hawajui pembetatu ina kona ngapi, wakamwambia asubiri, akasubiri huku akisafisha ofisi Märsta miaka kumi na miwili, bila kununa, kununa aliniachia mimi, binti yake mwenye master ya hesabu na rundo la barua za kuninyima kazi zinazoanza na tyvärr, yaani samahani.

Mwaka 2009 alifungua darasa la Jumamosi hapa Hallonbergen, chumba cha chini, jirani na tvättstuga, chumba cha kufulia nguo, mashine zikinguruma ukutani, naye akieleza kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiswidi chake cha Bukavu jinsi Thalès alivyopata urefu wa piramidi kwa kivuli, kisha watoto wanatoka nje kupima ghorofa zetu. Ila kipenzi chake kilikuwa Ératosthène, aliyezaliwa Kirene na kufanya kazi Aleksandria, yaani Afrika, jambo ambalo Papa hakuruhusu mtu alisahau, yule aliyepata ukubwa wa dunia kwa kulinganisha vivuli vya miji miwili na umbali kati yake. Papa aliona kwenye ramani kwamba Mbandaka, pale ikweta, iko kusini kabisa mwa Stockholm, hivyo jua la mchana linafika kileleni miji yote miwili kwa wakati mmoja, na mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, fimbo ya Mbandaka haina kivuli.

Basi tarehe 23 Septemba 2011 yeye na Jean-Bosco, rafiki yake wa chuo anayeishi Mbandaka, walipatana kupima saa sita na dakika arobaini, kila mtu kwa saa yake, na Papa akasahau kwamba nchi hii husogeza saa mbele majira ya joto, Mbandaka haisogezi, Jean-Bosco akapima amechelewa saa nzima, fimbo yake imeshaota kivuli, dunia ikanenepa kwa kilomita elfu kumi na tatu. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini, naye akawaambia: "Mgiriki alikosea kidogo, mimi nimekosea sana, ila Machi iko." Tarehe 20 Machi 2012, fimbo ya mita moja kwenye theluji, kivuli mita moja na sentimita sitini na tisa, hesabu ikatoka kilomita elfu arobaini na mia mbili, na za kweli ni kama elfu arobaini, na Papa alicheza rumba mbele ya duka la vyakula. Tangu hapo hakukosa Machi hata moja.

Desemba iliyopita figo zilimlemea, na tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi, alitutoka. Siku mbili kabla aliniuliza, "Asifiwe, tarehe ishirini Machi nani atashika fimbo?" Nikamjibu, "Mimi, Papa. Kazi sina, nafasi ninayo." Akacheka, wauguzi ni mashahidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa Märsta, majirani, na Muriuki aliyempeleka dialysis kila mara, you were a brother to him. Papa, pumzika palipo na jua la kutosha.

Sasa Papa Papy, mwenyekiti, na kamati yako yote ya jumuiya. Papa alipolazwa mlibadilisha kufuli la kile chumba cha darasa, mkajaza masufuria ya harusi na viti vya plastiki, fimbo na vitabu vikabaki nyuma ya mzigo huo, na watoto hawajasoma tangu Januari. Jumamosi hii tunasoma. Masufuria yatoke kesho, na ufunguo naomba mkononi mwangu leo, kabla hamjanywa kahawa.