Picha Iliyobandikwa Kichwa Chini

Ndani ya basi la Washington, bibi mmoja alikuwa akiikodolea macho santuri kuukuu ya muziki wa makelele wa punk aliyoipakata kijana wa nywele za kijani. Loretta, aliyekaa nyuma yao, akaacha kusoma gazeti.

"Mpiga gitaa ni huyu, Royce," kijana akamwonyesha bibi picha kwenye jalada. "Wimbo dakika moja, gitaa linakimbia kama limeiba. Na picha kaibandika kichwa chini makusudi. Alikuwa anaitukana serikali."

"Royce ni mwanangu," bibi akasema. "Alipiga mpaka vidole vikatoka damu, wala hakuacha. Majalada tuliyabandika picha wenyewe jikoni kwangu, mia tano. Hilo nililibandika mimi, bila miwani."

Loretta akaficha kicheko nyuma ya gazeti.

"Bibi, usinitanie. Nimeandika makala nzima juu ya picha hii."

"Chungulia ndani. Gundi ilininasa kidole gumba."

Kijana akachungulia. Alama ya kidole ilikuwepo, ila hakukubali kushindwa. "Hata hivyo, ni tusi kwa serikali."

Basi likasimama. Bibi akainuka taratibu, kidevu juu.

"Basi aliyeitukana ni mimi," akasema, akashuka.