Ukuta wa Mama Bhagti

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha ufugaji wa nyuki katika kituo chetu hapa Kullu, Bibi Thakri Devi anastaafu tarehe 30 Aprili.

Wengi watamkumbuka kwa daftari lake la makosa. Hakuna mwanafunzi aliyekabidhiwa bomba la moshi wa kutuliza nyuki kabla ya kuandika humo alichokosea. Yumo aliyevuna masega yote akawaachia nyuki njaa ya baridi. Yumo pia aliyefungua mzinga akinukia mafuta ya nywele, akarudi nyumbani uso umeumuka kama mkate wa siddu. Huyo wa pili ndiye mimi ninayeandika haya.

Ukurasa wa kwanza ni wake mwenyewe. Mwaka ule alioanza kazi, alimshawishi jirani yake, Mama Bhagti, awatoe nyuki ndani ya ukuta wa nyumba, walimokaa tangu enzi za mkwewe, awahamishie kwenye sanduku la kisasa uani. Machi theluji ikarudi, nyuki wote wakafa. Mama Bhagti hakugomba. Alisema tu, "Ukuta wangu una jiko nyuma yake, binti. Sanduku lako lina nini?" Kundi jingine lilipohamia ukutani lenyewe, akamkataza mwalimu wetu kuligusa.

Swali lile lilimkaa rohoni. Majira ya baridi yaliyofuata alizunguka na kipimajoto kwenye kuta za majiko ya kijiji kizima, watu wakimtania kwamba anazipima nyumba homa. Ndipo tukapata masanduku yetu ya kuta mbili, yenye majani makavu ya msonobari katikati, na nyuki wetu wanavuka baridi salama. Kila tulipompongeza, alijibu kwamba mtahini wake bado hajamfaulisha.

Wiki iliyopita nondo walao nta waliingia kwenye masega ya Mama Bhagti, ambaye sasa haoni vizuri. Akatuma ujumbe kituoni: "Mwambieni Thakri aje anifungulie ukuta." Mwalimu aliacha chai yake ikipoa. Alirudi jioni macho mekundu, akadai ni moshi, nasi tukajifanya tumeamini.

Asante, mwalimu, kwa kutufundisha kuuliza kwanza nyuki walikuwa na nini kabla hatujawapa chetu. Tunakuombea afya na mapumziko matamu. Daftari unatuachia, lakini kabla hujaondoka, hebu utazame ukurasa wa kwanza. Jana tulimsomea Mama Bhagti, akatia dole gumba chini yake.