Orlinda Chávez na Nyota Iliyosemekana Imevimba

Padre, wafiwa, majirani wa Magdalena na ninyi mliotoka Socorro na Alamo, naomba msamaha kabla sijaanza, kwa sababu historia hii nitaisoma vibaya. Familia ilitafuta mtu mwenye sauti ya heshima, ikamkosa, ikabaki na mimi Tranquilino, shemeji wa marehemu, ambaye riziki yangu ni kuchekesha watu jukwaani, kwa hiyo mkiniona mnyenyekevu mjue naigiza.

Marehemu Orlinda Gallegos Chávez alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Socorro, New Mexico, mtoto wa nne wa Bwana Abenicio na Bibi Rufina Gallegos, akasoma huko huko, akamaliza sekondari Mei 1969, na tarehe 2 Februari 1972 akaajiriwa kupeleka barua kwenye mashamba ya ng'ombe magharibi mwa mji huu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa bila kupoteza barua hata moja, ingawa mbwa walimpotezea suruali tatu.

Tarehe 14 Juni 1975, katika kanisa hili, alifunga ndoa na kaka yangu Delfino, wakajaliwa mabinti wawili, Perla na Zenaida, na baadaye wajukuu watano.

Alipostaafu, Desemba 2011, wenzake walimzawadia darubini, naye akajenga kibanda nyuma ya nyumba chenye paa la kusukuma kwa magurudumu, akajiunga na kikundi cha wapima mwangaza wa nyota, na hapo ndipo kaka yangu alipopata wapinzani wawili, maana nyota alizokuwa akizikesha zilikuwa pacha, kubwa na ndogo, zilizoachana mbali sana na kuzungukana taratibu kwa maelfu ya miaka. Delfino alipoonyeshwa alisema, "Mama Perla, hao ni sisi kabisa. Mmoja kibandani, mwingine sebuleni, na hakuna anayehama."

Orlinda alikuwa akiichunguza ile kubwa, aone kama kuna sayari inayopita mbele yake na kuufifisha mwanga wake kidogo, na kwa kipimo hicho unachagua nyota nyingine tulivu ya kulinganishia, unaionyesha kompyuta mara moja tu, nayo inaishikilia hiyo hiyo miaka yote. Tarehe 3 Oktoba 2019, nyota kubwa, badala ya kufifia, ilionekana imeng'aa zaidi kwa saa nne, na tarehe 2 Desemba ikarudia, Orlinda akawatangazia wenzake wa kikundi, wakacheka mpaka basi. Rafiki yake Wendell Apachito, yule pale mstari wa pili anayejifanya anatafuta leso, alimpigia simu.

"Dada, nyota haivimbi. Umeilisha ile supu yako ya mahindi, posole?"

"Wendell, funga mdomo wako."

"Basi ni pilipili. Zako zinaweza."

Alicheka naye, lakini wiki hiyo hiyo alijiondoa kwenye orodha ya wapimaji, na kibanda kikafungwa.

Tarehe 6 Julai 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Septemba, akiwa kitandani na madaftari yake ya zamani, alipiga kelele tukadhani ameanguka: "Delfino! Kubwa haikung'aa! Ni ndogo iliyofifia! Niliilinganisha na pacha wake!" Yaani sayari ilikuwepo, kubwa hasa, ila ilikuwa ya ile nyota ndogo, ambayo ndiyo ilikuwa imewekwa kama kipimo, hivyo kila ilipofifia, kubwa ikaonekana imeng'aa. Ili kuthibitisha ilibidi kupima upya kwa nyota ya tatu, na siku aliyopiga hesabu kwamba sayari ingepita tena ilikuwa tarehe 8 Novemba, siku ambayo madaktari hawakuweza kumwahidi.

Akaifikia. Wendell alisukuma paa, Delfino akashika simu mlangoni mwa kibanda, na mgonjwa akasikiliza kwa simu kitandani, saa moja na robo jioni.

"Dada, imeanza kushuka."

"Kiasi gani?"

"Asilimia mbili. Na kubwa imetulia kama ng'ombe aliyeshiba."

"Sema basi."

"Nisemeje?"

"Unajua."

"Haikuvimba, Dada. Nisamehe."

Mgonjwa ambaye hakuwa amekula siku mbili aliomba biskuti za mdalasini, akala tatu, na tarehe 12 jina lake likarudishwa kwenye orodha, naye akalisoma kwa macho yake. Alifariki nyumbani, tarehe 21 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkono wake ukiwa katika mkono wa Delfino, aliyekuwa amehama sebuleni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozima taa za nje wiki nzima bila kuombwa ili kibanda kipate giza, wapeleka barua wenzake, na Wendell, ambaye leso ameipata.

Katika daftari lake la mwisho, kuhusu ile nyota ya kulinganishia, marehemu ameandika, "Kosa langu mwenyewe." Si kweli. Siku ya kuichagua yeye alikuwa jikoni akipakua chakula, na aliyekaa kwenye kompyuta akabonyeza nyota iliyoonekana karibu kuliko zote na ile kubwa, ili twende tukale, nilikuwa mimi. Alijua, akaninyamazia.

Lala kwa utulivu, shemeji yangu, na huko juu wakikuuliza ni nani aliyeichagua nyota ile, nakupa ruhusa: nitaje.