Wivu Niliomwonea Chebet Nusura Uniue

Bwana asifiwe, kanisa! Mimi ni Mama Faith wa hapa Boito, na wengi mnanijua kwa urefu wangu kabla ya jina. Leo nitasema jambo ambalo niliona aibu kulisema hata nikiwa peke yangu kwa maombi.

Marehemu baba yetu alikuwa mrefu hivi, vidole virefu, miwani nene. Siku moja akichuna majani chai alishika kifua, akaanguka, akafa papo hapo. Mimi nikarithi mwili wake. Mdogo wangu Chebet akachukua wa mama, mfupi mwenye nguvu. Nilipoolewa, daktari alinipima moyo akaniambia nina ugonjwa wa ukoo: nyuzi zinazoshikilia mwili ni dhaifu, na mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo umeanza kupanuka.

"Usishike mimba kabla hatujazungumza tena," akaniambia. "Mimba inauongezea moyo kazi. Mshipa huo unaweza kuchanika."

Wakati huo Chebet, aliyeolewa Roret, alikuwa na mimba ya pili.

Ndugu zangu, wivu ulinila! Akija nyumbani, nilihesabu jinsi anavyoinama na kuinuka bila kushika kiuno. Alipozaa wa tatu sikwenda kumwona, nikasingizia majani yamekomaa shambani. Na siku Chebet aliponiambia kwa simu kuwa mtoto huyo ana homa kali, Mungu anisamehe, nilifurahi! Nilifurahi nikiwa na Biblia mkononi.

Sikurudi kwa daktari. Nikashika mimba. Nesi wa kliniki aliniuliza kama kuna ugonjwa kwetu, nikajibu hakuna. Nilitaka Chebet anione na tumbo, basi.

Mwezi wa nane wa mimba ulipoanza, Chebet akaja na mtoto wake mgongoni na mfuko wa nguo ambazo wanawe walivaa wakiwa wachanga. Nilizitazama nikaona ananipa makombo yake. Nikaingia jikoni kwa hasira, na hapo maumivu yakanishika kifuani yakapenya hadi mgongoni, kama mtu anayerarua kitambaa. Chebet alipiga nduru. Pikapu ya maziwa ikatubeba hadi hospitali.

Nesi alidhani ni kiungulia. Nami nilinyamaza, ndugu zangu! Nilikuwa nakufa na bado sikutaka Chebet ajue nilichokificha. Lakini yeye akamwambia nesi, "Sista, baba yetu alikufa hivi hivi akishika kifua. Na huyu amechukua mwili wake. Tafadhali mwite daktari!"

Daktari alikuja, akapiga picha ya moyo. Mshipa ulikuwa umeanza kuchanika. Nikakimbizwa kwa ambulansi hadi hospitali kubwa. Wangemtoa mtoto kwanza, kisha washone mshipa, na hakuna aliyeniahidi kwamba nitaamka.

Kabla sijaingizwa chumba cha upasuaji nilimshika mdogo wangu mkono. "Chebet, mtoto wako alipougua nilifurahi."

"Najua," akasema. "Niliisikia sauti yako kwa simu. Sasa tulia, presha isipande."

Niliamka! Haleluya! Lakini sikilizeni. Nilipotolewa chumba cha wagonjwa mahututi, nilimkuta Chebet amempakata binti yangu, anamnyonyesha pamoja na wake. Wivu uleule ukainuka! Nilitaka kumpokonya, mikono ikakosa nguvu. Nikabaki kutazama tu. Nikaona koo la mwanangu likimeza. Akameza tena. Nikaanza kulia, nikasema, "Yesu, nitoe hapa." Sikumaanisha hospitali. Na akanitoa siku hiyo.

Faith ana vidole vyangu, na madaktari wanaufuatilia moyo wake. Mimi nameza dawa kila siku, na nimeambiwa nisishike mimba tena. Nimekubali. Kuna siku bado inauma, sitawadanganya.

Dada zangu, kama kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akishika kifua, mwambie daktari kabla hujabeba mimba. Imani haikatazi kusema ukweli kliniki. Mimi uongo wangu ulikaribia kuzika watu wawili.

Kongoi, asante, Jehova! Chebet, simama watu wakuone. Na wewe ambaye moyo wako unachemka kwa sababu ya baraka ya mwingine, njoo hapa mbele leo, tuombe pamoja. Mkabidhi Yesu jambo hilo baya usilolitaja. Mimi nilimpa langu, hakulishangaa.