Lebo Aliyoikataa Bi Mistari

Shangazi yetu, ambaye wateja walimwita Bi Mistari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi viatu na muuza maziwa. Familia imetaka wasifu huu usomwe wote, pamoja na habari ya kufukuzwa kwake kazi, kwa sababu wapo waliofika hapa leo wakiamini alifukuzwa kwa jeuri.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1984 na sekondari mwaka 1988, kisha akapata cheti cha uchapaji mwaka 1991. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, anakumbuka daftari zake za hesabu: pembeni zimejaa duara za mkono, na iliyopinda aliifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mwaka 1993 aliajiriwa katika duka la uchapaji la vyumba viwili, akakaa miaka kumi na tisa. Kompyuta zilipoingia, akajifunza kuchora nembo na lebo kwa mafaili ya vekta. Nilimuuliza maswali mengi kuhusu hilo na hakuchoka. Picha ya simu, alisema, ni miraba midogo ya rangi, ukiikuza inachakaa. Vekta ni mistari inayokokotolewa upya, ikuze hata ifunike ukuta, ukingo unabaki mkali kama wembe. Mteja akileta nembo iliyovutwa hadi herufi zikaota ukungu kama mkate wa wiki jana, shangazi alisukuma kiti nyuma kana kwamba inanuka. Kilichomtia kinyaa zaidi ni mtu kubandika picha hiyo ndani ya faili la vekta, kisha kuapa kwamba ameleta vekta. "Umemvisha mbuzi koti, unaniambia ni mwalimu," alikuwa akisema.

Mume wake, fundi umeme, alikuja dukani kurekebisha soketi akampa kadi ya kazi aliyojitengenezea, picha ya balbu imevutwa ubavuni hadi ikafanana na bilinganya. Shangazi akamwambia hatatembea na mtu anayegawa bilinganya. Alimchorea nyingine. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1998, wakajaliwa watoto wawili.

Novemba 2012 shangazi alirudi kutoka likizo akakuta lebo za dawa ya kikohozi ya watoto zinachapwa. Faili lake la awali lilikuwa limepotea, kwa hiyo bosi alipiga picha chupa ya zamani, akaiachia programu ifuatishe mistari yenyewe na kufuta madoa madogo. Programu ikafuta madoa, na nukta ya desimali pamoja nayo. Kipimo cha mililita 2.5 kikawa mililita 25.

Shangazi alimwonyesha. Bosi, mdomo umejaa chipsi na vidole vinang'aa mafuta juu ya kibodi, akamjibu kwamba gari la mteja linasubiri nje.

"Wazazi wana akili, mama. Watajua tu."

"Na asiyejua, mtoto wake ndiye wa kufanyia majaribio?"

Alikataa kutia sahihi ya kuziruhusu zitoke. Akazipeleka lebo mia mbili, isipokuwa moja, kwenye mashine ya kukatia karatasi, akazikatakata, akampigia simu mfamasia wa kiwanda kinachotengeneza dawa hiyo. Jioni ile alipewa barua: kuharibu mali na utovu wa nidhamu. Kwa miaka kumi na miwili maneno hayo yalimtangulia kila alikoomba kazi. Alichorea sebuleni kwake na hakujitetea, akihofia wenzake waliobaki dukani wasije wakafukuzwa nao.

Aliugua figo kuanzia Februari 2023, akafariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa pembeni.

Juzi mfamasia yule, sasa mstaafu, alikuja nyumbani na lebo moja iliyonusurika, aliyopewa na shangazi kama ushahidi. Tumeipitisha mkono kwa mkono. Ile 25 inasomeka wazi, bila nukta. Siku hiyo hiyo bosi yule wa zamani alileta barua ya rambirambi tuichape humu, akimwita shangazi nguzo ya ofisi. Baba aliisoma, akamrudishia.

Palipoandikwa utovu wa nidhamu, familia inasema hivi: aliwakinga watoto wasiopata kumjua, na ikamgharimu kazi.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka wawili, na sisi watoto wa kaka zake. Apumzike kwa amani, mikono yake ikiwa safi.